Mbuzi na Tanzia: Mnyama Jukwaani katika Tamthilia za J.P. Clark na Edward Albee

Istilahi tanzia, ambayo wahakiki wa Kiswahili wameizoea kwa ajili ya tamthilia yenye hatima ya msiba, ina asili yake katika neno la Kiarabu lenye maana ya kuwapa pole wafiwa. Katika mazungumzo ya kila siku tanzia bado ni habari ya kifo: hutangazwa redioni, huchapishwa gazetini, hutajwa msikitini baada ya sala. Istilahi ya Kiyunani tunayoifasiri kwa neno hilo ina asili nyingine kabisa. Tragoidia imeundwa kutokana na tragos, yaani mbuzi dume, na oide, yaani wimbo. Wataalamu wa fasihi ya Kiyunani hawajaafikiana mbuzi huyo alitoka wapi. Wako wanaoshikilia kwamba alikuwa zawadi ya mtunzi aliyeshinda. Wako wanaomwona katika wanakorasi waliojivika ngozi. Naye Walter Burkert, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1966, alitetea rai kwamba wimbo huo ulihusiana na kuchinjwa kwa mbuzi wa kafara. Kwa madhumuni yetu si lazima tuamue nani yuko sahihi. Yatosha kutambua kwamba istilahi moja inamkumbuka aliyechinjwa, na ile tuliyoichagua sisi inawakumbuka waliosalia wakilia.

Tamthilia mbili za zama zetu zimerejea kwenye mzizi huo wa Kiyunani kwa makusudi. Ya kwanza ni Song of a Goat ya J.P. Clark wa Nigeria, iliyotolewa na Mbari mjini Ibadan mwaka 1961. Ya pili ni The Goat, or Who Is Sylvia? ya Edward Albee wa Marekani, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza New York mwaka 2002 na ikatunukiwa tuzo ya Tony ya tamthilia bora mwaka huohuo. Albee aliipa kazi yake anwani ndogo inayodai kwamba hayo ni madokezo kuelekea fasili ya tanzia. Katika tamthilia zote mbili mbuzi anauawa kabla ya pazia kufungwa, na katika zote mbili uhakiki umekuwa mwepesi wa kumgeuza ishara kabla damu yake haijakauka. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba msomaji anayefanya hivyo huisoma nusu tu ya tamthilia, na kwamba lugha ya Kiswahili yenyewe, tukiisikiliza vizuri, inatuzuia tusifanye hivyo kwa wepesi.

Mazoea hayo tunayajua sote, kwa kuwa ni sisi tunaoyafundisha. Mwanafunzi huulizwa katika mtihani mnyama fulani ni ishara ya nini, naye hujibu kwa sentensi mbili, akapewa alama zake, akaendelea na swali la wahusika. Mbinu hiyo tumeirithi kutoka kwenye uhakiki wa ngano, na huko ina haki yake. Fisi wa ngano ni mlafi wa kijiji aliyevalishwa manyoya. Hakuna anayemhurumia anapopasuka msamba kwenye njia panda, kwa kuwa aliyepasuka ni ulafi. Ila ngano hutambwa, na tamthilia huigizwa. Mtambaji humbeba fisi wake kwa sauti, na hadithi ikiisha hapabaki kitu cha kuzikwa. Jukwaa linadai mwili. Mtu atakayemwonyesha mnyama jukwaani hana budi kuamua ni mwili gani utakaosimama pale: wa mwigizaji, wa kinyago, au wa mnyama mwenyewe.

Tuanze na Clark. Kisa chake ni cha Zifa, mvuvi na rubani wa meli katika delta ya mto Niger miongoni mwa Waijo, ambaye amepoteza uwezo wake wa kiume baada ya kumzaa mtoto mmoja, Dode. Mkewe, Ebiere, anamwendea mkandaji, ambaye kwa watu wake ni tabibu, mshauri na mpiga ramli kwa pamoja. Mkandaji anashauri kwamba shamba lisiachwe likawa kichaka; ndugu wa mume alilime. Ebiere analiona pendekezo hilo kuwa ni matusi, na Zifa anapoambiwa anawaka hasira. Siku zinapopita, hata hivyo, Ebiere anamvuta Tonye, mdogo wa Zifa, na linatendeka kwa siri lile ambalo lingeliweza kutendeka kwa idhini. Nyumbani humo yumo Orukorere, shangazi yao, mwanamke aliyepagawa na ambaye wenzake humchukulia kuwa na wazimu. Kabla hapajatokea lolote anatoka nje akipiga mayowe kwamba chui anamnyemelea mbuzi. Majirani wanakuja na taa, wanatafuta, hawaoni chui wala mbuzi, wanarudi makwao wakinung'unika.

Onyesho hilo fupi linastahili kuzingatiwa kuliko lilivyozingatiwa. Wahakiki wengi wamemlinganisha Orukorere na Kasandra wa Wayunani, aonaye lakini asisadikiwe, na mlinganisho huo ni sahihi kadiri ufikavyo. Kinachotupendeza zaidi ni wale majirani. Wao wanatafuta mbuzi wa kweli mwenye kwato, na wanapomkosa wanahitimisha kwamba hapakuwa na neno. Majirani wanakosea kwa kumtafuta mbuzi wa kweli peke yake. Sisi wahakiki tunakosea kwa kutomtafuta kabisa. Clark anaijibu makosa yote mawili kwa hatua moja: baadaye anamleta mbuzi jukwaani, mzima, na kumchinja.

Zifa ndiye anayemchinja. Ameshaanza kutambua kilichotendeka katika nyumba yake, na anaandaa kile kinachoonekana kuwa kafara ya kuitakasa. Kisha anamwamuru Tonye akitie kichwa cha mbuzi ndani ya chungu. Chungu ni kidogo. Tonye analazimisha, chungu kinavunjika, na siri inakuwa bayana bila mtu kuitamka. Tonye anakimbia na kujinyonga. Zifa, baada ya kumwona ndugu yake akining'inia, anatembea kuelekea baharini hadi maji yanamfunika. Ufafanuzi wa kawaida wa onyesho la chungu haupingiki: kichwa ni Tonye, chungu ni Ebiere, na kuvunjika ni nyumba. Mwanafunzi wetu mmoja wa uzamili, aliyekulia katika jamii ya wafugaji, aliwahi kuuliza katika semina swali ambalo halimo vitabuni: pembe je? Aliyewahi kukishika kichwa cha mbuzi baada ya kuchinja anajua kwamba hakitulii mkononi. Kina utelezi, kina pembe, kina macho yaliyobaki wazi. Kwa hiyo Tonye haigizi sitiari. Anahangaika na kitu kilichokuwa hai muda mfupi uliopita, na fedheha yake inaonekana katika kuhangaika huko.

Swali hilo la pembe lilitufikisha kwenye jambo ambalo sasa tunaliona kuwa ndilo kitovu cha tamthilia. Uzinzi wa Ebiere na Tonye hautendeki mbele ya macho yetu. Ugumba wa Zifa umeanza kabla ya pazia kufunguliwa. Kosa la kwanza ambalo hadhira inalishuhudia likitendeka, kwa macho na kwa damu, ni kuchinjwa kwa mbuzi, na kosa lenyewe ni kwamba kafara imegeuzwa mtego. Kafara ni mkataba. Yupo anayetoa, yupo anayepokea, na yupo anayekufa kwa niaba. Anayekufa hachaguliwi kwa sababu hana thamani. Angekuwa hana thamani asingelipokewa. Kama Zifa angeliukubali ushauri wa mkandaji mapema, tambiko lingeliwakutanisha ndugu wawili. Amelikataa, na sasa analirudia kwa sura ya nje tu, ili limtumikie kama mahakama. Mbuzi aliyestahili kufa kwa ajili ya upatanisho anakufa ili atoe ushahidi. Hapa ndipo tunapotofautiana na wanaosema kwamba miungu inaiangamiza nyumba ya Zifa kwa sababu ya kujamiiana kwa maharimu. Kwa maoni yetu Zifa ameivunja njia ya mwisho iliyokuwa imesalia ya kuiokoa nyumba hiyo, na ameivunja juu ya mwili wa mnyama.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kwenda mbali ili kulihisi hilo. Miji yetu imewahi kumzungusha ng'ombe mitaani siku ya mwaka kabla ya kumchinja, ili abebe balaa za mji mzima. Na matembezi hayo, pamoja na dua na umati unaofuata, ni maonyesho kamili. Adabu za kuchinja nazo zinajulikana na kila mtoto aliyepita chuoni: kisu kisinolewe mbele ya mnyama, wala asichinjwe mwenzake akitazama. Adabu kama hizo zisingelikuwa na maana ikiwa mnyama ni chombo tu. Zinakiri kwamba yuko mtu wa aina yake pale anayetazama, na kwamba anayeshika kisu ana wajibu kwake hata katika dakika ya kumuua. Zifa hakosi kisu wala mbuzi. Alichokosa ni adabu hiyo.

Wole Soyinka, katika Myth, Literature and the African World (1976), anakumbuka jinsi Song of a Goat ilivyoonyeshwa London mwaka 1965 katika tamasha la sanaa la Jumuiya ya Madola. Mbuzi aliyeletwa jukwaani alikuwa hai na mchangamfu, akawa analia pale ambapo waigizaji walitaka kimya kizito, na hadhira ikapoteza uzito wa msiba. Soyinka analihesabu hilo kuwa kosa la utayarishaji, na analinganisha kwa uchungu maonyesho ya London na yale yaliyofanyika mbele ya watu waliouishi ulimwengu wa tamthilia hiyo. Hatuna ugomvi naye kuhusu hadhira. Ila kuhusu mbuzi tunaona kwamba kilio chake kilikuwa na mantiki zaidi kuliko alivyokiri. Mbuzi yule hakuwa amesoma mswada. Hakujua kwamba yeye ni ishara. Kila alipolia aliukumbusha ukumbi kwamba mmoja wa waliokuwamo jukwaani hakuwa akiigiza. Kicheko cha hadhira ni njia mojawapo ya kukikwepa kilio hicho. Uhakiki wa ishara ni njia nyingine, ya heshima zaidi.

Albee alichagua njia kinyume. Mbuzi wake hatumwoni akiwa hai hata mara moja. Martin, msanifu majengo aliyetimiza miaka 50 na ambaye ametoka kushinda tuzo ya Pritzker, anamwungamia rafiki yake Ross kwamba ana mapenzi na mwingine, jina lake Sylvia, aliyemwona alipokuwa akitafuta nyumba mashambani. Sylvia ni mbuzi. Ross anamwandikia barua Stevie, mke wa Martin, na onyesho la pili karibu lote ni la mume na mke ndani ya sebule, mke akivunja vyombo kimoja baada ya kingine huku wakisahihishana sarufi. Katika onyesho la tatu, baada ya mapambano kati ya Martin na mwanawe Billy, Stevie anarudi akiwa na damu mwilini, akimburura Sylvia aliyekwisha kufa.

Tunaweza basi kuwalinganisha mbuzi hawa wawili. Yule wa Clark ana mwili lakini hana jina. Yule wa Albee ana jina, lililochukuliwa kutoka kwenye wimbo uliomo katika tamthilia ya Shakespeare, lakini hana mwili mpaka afe. Wa kwanza anauawa ndani ya mkataba ambao mwanadamu ameuvunja. Wa pili anauawa pasipo mkataba wowote, kwa kuwa jamii ya Martin haina tambiko la kumwelekeza mtu anayempenda mnyama hivyo, ina mwiko tu na mzaha. Mzaha huo unatangulia mwiko. Katika onyesho la kwanza Martin anamwambia mkewe ukweli wote waziwazi, na mkewe anacheka, akidhani ni utani. Albee hapa ana ukatili wa aina yake: anaifanya hadhira icheke na Stevie, kisha anaiacha na kicheko hicho mdomoni.

Uhakiki umeieleza tamthilia hii kuwa inahusu mipaka ya uvumilivu. Kwamba mbuzi amewekwa mahali pa mapenzi yoyote ambayo jamii imeyakataza, na kwamba si bure Billy ni shoga. Mwenye kutaka ushahidi wa rai hiyo ataupata kwa wingi, na Albee mwenyewe hakuikataa mada ya uvumilivu. Lakini ikiwa Sylvia ni mahali patupu pa kujaza mapenzi yoyote, kwa nini auawe? Mahali patupu hapatoki damu. Zingatia mwenendo wa Stevie. Katika onyesho lote la pili anashikilia kwamba kile ni hayawani, na kwamba kumlinganisha naye, yeye mke, ni kumfuta katika ubinadamu. Halafu anaondoka na kufanya jambo ambalo mtu hawezi kulifanyia kitu: anamuua kama mke mwenza. Anapoulizwa sababu, jibu lake linaelekea kwenye madai ya Martin kwamba Sylvia alimpenda kama Stevie alivyompenda. Basi katika tamthilia nzima, anayekiri mwishoni kwa matendo kwamba mbuzi yule alikuwa nafsi ni yule aliyelikana jambo hilo kwa maneno. Martin alidai hivyo kwa ulimi, lakini hata yeye hatukuwahi kumsikia akiuliza kama Sylvia alikubali. Huruma ya tamthilia hii iko mahali pabaya tukimwelekezea Martin yote.

Tulipojaribu katika semina kulifasiri onyesho la kwanza kwa Kiswahili, tulikutana na tatizo ambalo limetufundisha mengi kuhusu matini. Katika Kiingereza, Martin anapotumia kiwakilishi cha mwanamke badala ya kile cha vitu, tayari ametoa dai, na Ross anadanganyika kwa sababu ya dai hilo. Kiswahili hakimpi nafasi hiyo. Sarufi yetu humpa mbuzi upatanisho uleule wa mtu: alinitazama, nikamsogelea, ameniteka. Martin wa Kiswahili anaweza kuungama dakika kumi nzima bila kusema uongo na bila kujulikana. Mbuzi akipewa upatanisho wa I-ZI ni ile ya kukunia nazi, na mwigizaji atakayesema mbuzi hii kwa kumdunisha Sylvia ataifanya hadhira ya Mombasa ifikirie jikoni.

Stevie wa Kiswahili atamdunisha vipi basi? Atalazimika kwenda kwenye ngeli ya ukubwa: libuzi lako, libuzi lile. Lakini ngeli hiyo haimbagui mnyama. Humshusha mtu vilevile: lijitu, lijanamume. Katika pumzi moja Stevie atamwita mumewe lijitu na mpinzani wake libuzi, na sarufi itakuwa imewaketisha wote wawili kwenye kiti kimoja. Kile ambacho Albee anakificha katika onyesho la pili mpaka kisu kikionyeshe katika la tatu, Kiswahili kitakitoboa mapema. Wenzetu wawili katika semina waliliona hilo kuwa hasara ya kidrama. Mimi naliona kuwa faida, ingawa nakiri kwamba mshtuko wa mwisho utapungua.

Hatudai kwamba tamthilia ya Kiswahili imeukwepa uwanja huu. Ebrahim Hussein aliwaweka jogoo na joka Sesota katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi (1976), na hakuna anayemzidi kwa nguvu ya picha. Hata hivyo kazi hizo mbili zimetungwa kwa ajili ya sauti ya mtambaji mmoja, na wanyama wake wanaishi katika sauti hiyo. Sesota akiuawa, hapana mtu anayehitaji kuuondoa mwili wake jukwaani. Clark na Albee wanatuachia mwili huo, na tukitaka kuwaleta katika Kiswahili lazima tuupe jina.

Hapo ndipo rasimu yetu ilipokwama. Maelekezo ya jukwaani ya mwisho yanataka Stevie aingie akimburura mbuzi aliyekufa. Kiswahili kina maiti kwa mtu na mzoga kwa mnyama. Ukiandika maiti ya mbuzi, waigizaji wanacheka wakati wa mazoezi, kama ukumbi wa London ulivyocheka. Ukiandika mzoga, umeshaamua kesi kwa upande wa Stevie, naye ndiye mtu ambaye dakika hiyo haamini tena upande wake. Kitenzi nacho kinakataa: nimemchinja ni neno la halali na la karamu, nimemuua ni neno la mahakama. Kitenzi tulikubaliana, baada ya saa nzima, kiwe nimemuua. Nomino hatukukubaliana. Katika rasimu iliyoko idarani, baina ya neno akiburura na mahali ambapo Billy anawaita babake na mamake wasimwitikie, pana nafasi iliyoachwa wazi.